TUCHAGUE MICHEZO YA KOMPYUTA KWA HADITHI ZAKE

Siku hizi mitaa mingi ya miji yetu ina vibanda vya gemu, na si nyumba chache za wafanyakazi ambamo kijana, na pengine baba mwenyewe, humaliza saa zake za jioni mbele ya kompyuta au simu akicheza. Jambo hili lapita mbele ya macho yetu kila siku, na kwa kuwa limekuwa la kawaida, ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza: ni nini hasa kinachochezwa, na mchezaji anapoinuka kitini anaondoka na nini?

Wako wazee wetu ambao jibu lao ni fupi. Wao wasema kwamba michezo hii yote ni upuuzi, yaharibu macho ya watoto na kula fedha za wakubwa, na kwamba mtu mwenye akili hana haja nayo. Wako na vijana ambao jibu lao ni fupi vilevile. Wao wasema kwamba mchezo ni mchezo; ulio bora ni ule uliotoka juzi, wenye picha zinazong'aa kupita za mwaka jana na mlio unaotikisa ukuta. Makundi haya mawili yagombana katika kila nyumba. Lakini ukiyasikiliza kwa makini utaona kwamba yana neno moja: yote mawili yadhani kwamba ndani ya michezo hii hamna kitu cha kuchaguliwa.

Sisi twaona kwamba wazee na vijana wote wamekosea. Iko michezo ya kompyuta yenye hadithi nzito, zilizoandikwa kwa akili na uchungu kama zinavyoandikwa riwaya nzuri. Iko pia, tena mingi zaidi, ambayo haina hadithi yoyote ila kelele na mkono wa kuomba fedha. Mfanyakazi ambaye ujira wake ni mdogo, na saa zake za mapumziko ni chache kuliko ujira huo, ana haki ya kujua tofauti ya aina hizi mbili. Twasema kwamba mchezo wenye hadithi wapaswa kuchaguliwa kama kinavyochaguliwa kitabu, yaani kwa kile unachosema, na kwa kile unachomtaka msomaji wake afanye.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba hadithi si kitu kilichopachikwa juzi katika michezo ya kompyuta. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani aitwaye William Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kutambaa mapangoni, alitunga mchezo wa safari ndani ya pango kubwa la Kentucky ili kuwafurahisha binti zake wawili. Mwaka 1977 mwenzake, Don Woods, aliupanua. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Kompyuta iliandika: uko mahali fulani, mbele yako pana njia hii na ile, mchezaji naye aliandika neno moja au mawili kusema atakalo. Ni maneno matupu, na hata hivyo watu walikesha nayo. Basi anayesema kwamba bila picha za thamani kubwa hapana mchezo, amesahau kwamba mlango wenyewe ulifunguliwa na maneno.

Na sisi wa pwani na bara ya Afrika ya Mashariki hatuna sababu ya kushangaa. Bibi zetu waliposema "Paukwa!" hawakuendelea mpaka watoto wamejibu "Pakawa!". Msikilizaji alikuwa na sehemu yake. Asipoitikia, hadithi haikwenda. Hilo ndilo linalouweka mchezo wa kompyuta mbali na sinema na hata na kitabu. Sinema huendelea ingawa mtazamaji amelala. Mchezo husimama ukimngoja mchezaji aamue. Kwa hiyo uzuri wa hadithi ya mchezo haupimwi kwa wingi wa visa vyake tu. Hupimwa kwa uzito wa yale anayotakiwa mchezaji kuyaamua. Tutatoa mifano, maana maneno ya jumla hayamsaidii mtu aliyesimama na fedha yake mkononi.

Mwaka 2013 Mmarekani Lucas Pope, aliyekuwa akiishi Japani, alitoa mchezo uitwao Papers, Please. Ndani yake mchezaji ni karani wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, na mwaka ni 1982. Kazi hiyo hakuiomba. Ameipata kwa bahati nasibu ya serikali. Kila asubuhi hufungua dirisha lake, watu wamekwisha kupanga mstari, naye hutazama hati zao za kusafiria, vibali, picha, tarehe na mihuri, kisha hugonga muhuri wa kukubali au wa kukataa. Ujira wake huhesabiwa kwa vichwa: kadiri anavyowashughulikia watu wengi bila kosa, ndivyo anavyolipwa. Jioni huletewa hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa. Fedha zisipotosha, mwanawe atalala na njaa au mama mkwe wake atashikwa na homa.

Siku moja mume apita dirishani na karatasi zake zote ni sawa. Nyuma yake yuaja mkewe, na karatasi zake zimepungua. Sheria yasema arudishwe. Mchezo haumwambii mchezaji lililo jema. Wamwachia muhuri mkononi. Akimruhusu mwanamke yule, huandikiwa kosa. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo tu. Kuanzia la tatu hukatwa fedha. Hivyo huruma imetiwa bei, na bei hiyo hulipwa kwa chakula cha mtoto wake mwenyewe. Aliyewahi kukaa nyuma ya dirisha la ofisi, na aliyewahi kusimama mbele yake, wote wawili wataielewa hadithi hii bila kufafanuliwa. Tena miisho yake ni 20, nayo hutokana na yale aliyoyatenda mchezaji siku baada ya siku.

Sisi tuliolelewa na fasihi ya Kiswahili twaijua njia hii. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alibuni nchi isiyokuwako popote ili aseme habari za dhuluma iliyokuwako. Arstotzka nayo haimo katika ramani yoyote, lakini karani wake twamjua. Mchezo huu picha zake ni hafifu, za rangi ya majivu. Umechezwa katika kompyuta za kawaida, na tangu mwaka 2022 wachezwa hata katika simu. Hilo nalo ni fundisho: hadithi nzuri haidai mashine ya bei kubwa.

Mfano wa pili watoka Poland. Mwaka 2014 kampuni ya 11 bit studios ya mjini Warsaw ilitoa mchezo uitwao This War of Mine, yaani vita hivi vyangu. Michezo mingi ya vita humpa mchezaji bunduki na kumfanya askari hodari asiyechoka. Watungaji wa mchezo huu walitazama mzingiro wa Sarajevo, uliodumu tangu 1992 hadi 1996, wakauliza: je, na wale wasio askari? Humo mchezaji huwatunza raia wachache waliojificha katika nyumba iliyobomoka. Mchana hawawezi kutoka kwa hofu ya wadunguaji. Usiku mmoja wao hutoka kutafuta chakula, kuni na dawa. Pengine hufika kwenye nyumba ya wazee wawili, mume na mke, wasio na nguvu ya kujitetea, na ndani mna chakula na dawa. Anaweza kuvichukua. Hakuna atakayemzuia. Lakini akirudi, mwizi huyo huanza kunyong'onyea, huzuni humla, na wenzake humwona hivyo. Ushindi hapa ni kubaki hai mpaka vita viishe, na kubaki mtu.

Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kwamba mchezo huu utaingizwa katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari waliotimiza miaka 18, ili usaidie masomo ya maadili, falsafa na historia. Hatusemi kwamba kila lifanywalo Ulaya ni la kuigwa. Twasema tu kwamba wale wazee wetu wasemao kwamba michezo yote ni upuuzi wapewe habari hii, waifikirie.

Mfano wa tatu utawagusa wafanyakazi kwa namna ya pekee. Mwaka 2019 kampuni ya ZA/UM, iliyoanzishwa na waandishi na wasanii wa Estonia, ilitoa Disco Elysium. Mwandishi wao mkuu alikuwa Robert Kurvitz, ambaye kabla ya hapo aliandika riwaya kuhusu ulimwengu uleule, na riwaya hiyo haikupata wasomaji wengi. Mchezo uliwapata. Ndani yake mpelelezi wa polisi yuaamka katika nyumba ya wageni, kichwa kimemuuma kwa ulevi, hakumbuki hata jina lake. Nyuma ya nyumba pana mtu aliyenyongwa mtini, naye ndiye aliyetumwa kumpelelezea mauaji yake. Mapigano ya kubonyeza vitufe hayamo. Karibu kila jambo hufanyika kwa mazungumzo. Hata sehemu 24 za akili na mwili wa mpelelezi zina sauti zake, kila moja ikimshauri na nyingine zikimdanganya. Maneno yaliyoandikwa humo yapita milioni moja.

Na kinachoendelea katika mtaa ule ni mgomo. Makuli wa bandari wamefunga lango, kampuni yenye bandari imeleta mjumbe wake, na mpelelezi hawezi kupiga hatua bila kukutana na pande zote mbili. Msomaji ajuaye habari za migomo ya makuli wa Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947 hatakuwa mgeni mbele ya lango lile. Lakini asitarajie kusifiwa. Kiongozi wa chama cha makuli katika hadithi hii ni mjanja, mwenye kucheka na kila mtu huku akiwa na mipango yake mfukoni. Mjumbe wa kampuni naye ni mtu mwenye adabu na moyo. Wako watakaoudhika kwa hayo. Sisi hatuudhiki. Hadithi ambayo wema wote uko upande mmoja na ubaya wote uko upande wa pili ni tangazo, na matangazo tunayo ya kutosha. Mfanyakazi si mtoto. Anaweza kumwona kiongozi mbaya wa mgomo na bado akatambua kwamba madai ya waliogoma ni ya haki.

Hata hivyo yapasa tuseme na upungufu wake. Mchezo huu wataka Kiingereza au lugha nyingine kubwa, na tena wataka ufahamu wa hali ya juu. Asiyesoma kwa wepesi atachoka katika saa ya kwanza. Una ulevi, matusi na mambo ya watu wazima, wala haumfai mtoto. Na wamtaka mchezaji awe na subira, maana humaliza saa 20 na zaidi. Lakini je, ni riwaya ngapi kubwa zisizotaka subira?

Kuna jambo jingine juu ya mchezo huo ambalo gazeti la wafanyakazi haliwezi kuliruka. Mwaka 2022 ilifahamika kwamba Kurvitz na wenzake wawili waliokuwa nguzo za kazi ile walikuwa wameondoka katika kampuni tangu mwisho wa 2021, tena si kwa hiari yao, na ugomvi ukafika mahakamani. Sisi si mahakimu wa shauri hilo. Lakini latukumbusha kwamba nyuma ya kila hadithi kuna mikono iliyoiandika, na mikono hiyo haimiliki daima kile ilichokifanya. Hali kadhalika, mwezi wa Julai 2024 waigizaji wa Marekani wanaotoa sauti na miendo ya wahusika wa michezo hii waligoma, na mgomo ukaendelea hadi 2025, kwa kuwa walitaka ulinzi ili sauti zao zisinakiliwe na mashine pasipo idhini na malipo. Anayechagua mchezo kwa ajili ya hadithi na amjue basi mtunzi wake, kama amjuavyo mwandishi wa kitabu.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2024 ulitoka mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU. Aliyeuongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na hadithi yake aliitoa katika huzuni ya kufiwa na baba yake. Kijana Zau, mganga asiyekomaa bado, yuaenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kuomba arudishiwe baba yake. Kalunga amtaka kwanza amletee mizimu mitatu mikubwa. Hadithi zilizo chini ya mchezo huu ni za mataifa ya Kibantu, na neno "Baba" husikika humo kwa maana yake yenyewe. Tena wahusika waweza kusikika wakisema Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa Tanga au wa Kisumu aliyezoea kusikia mashujaa wote wakisema Kiingereza cha Marekani, hapa yuasikia lugha ya nyumbani kwao ikibeba msiba, hasira na faraja. Hilo si jambo dogo.

Kabla ya hapo, mwaka 2016, kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa mchezo uitwao Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Humo mwana wa mfalme, Enzo, yuapinduliwa siku ya kutawazwa kwake, naye yuaenda uhamishoni pamoja na mkewe, Erine, wakitafuta washirika. Nguvu anayoitumia ni urithi wa waliomtangulia. Fedha za kuumaliza mchezo huo zilichangwa kwa sehemu na watu wa kawaida mwaka 2015. Vijana wa Kiafrika waliambiwa mara nyingi kwamba kazi ya namna hii si yao. Hao wa Yaoundé wakaifanya.

Lakini tusidanganyane. Hatumwambii mtu anunue mchezo kwa sababu tu umetungwa na Mwafrika, kama tusivyomwambia asome kitabu kibaya kwa sababu kimeandikwa na jirani. Katika Zau sehemu kubwa ya saa ni kuruka na kupigana, na anayetaka mazungumzo marefu na maamuzi mazito kama ya yule karani wa mpakani atapungukiwa. Njia ya hadithi ile ni moja. Mchezaji aifuata, haibadili. Nguvu yake iko katika jambo moja, nalo ni jinsi mtu anavyojifunza kumwacha marehemu aende. Aliyefiwa ataijua nguvu hiyo. Ajuaye tofauti hii kabla ya kununua hatalaumu baadaye.

Baada ya kusifu, na tuseme na yanayostahili kulaumiwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Iko michezo ambayo picha zake hutia macho kiwi, na matangazo yake husema "hadithi kubwa kupita zote", lakini ukiingia hukuti hadithi. Unaambiwa uende kule ukaue kumi, urudi; uende tena ukaue ishirini. Walio hai na waliokufa hawana majina. Iko na mingine iliyo mibaya zaidi, ambayo hutolewa bure ili mtu aingie, kisha humdai fedha kidogo kidogo bila kikomo: leo vazi, kesho upanga, keshokutwa kisanduku cha bahati ambacho hajui ndani mna nini mpaka amelipa. Mwaka 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya kubahatisha iliamua kwamba visanduku vya namna hiyo katika baadhi ya michezo maarufu ni kamari isiyo halali. Yule aliyeuza kitabu hakurudi nyumbani kwako kukudai ulipie ukurasa wa mwisho. Basi mchezo unaokudai kila jioni usiupe jina la hadithi.

Na isidhaniwe kwamba twaupinga mchezo wa mpira wanaoucheza vijana vibandani. Mpira ni mpira. Wachezwa wawili wawili, watu hucheka, hutaniana, kisha huenda nyumbani. Hatujaahidiwa hadithi hapo, wala hatujadanganywa. Lawama yetu ni kwa yule anayeuza debe tupu na kuliandika "asali".

Mtu atauliza: nitajuaje kabla sijatoa fedha? Twapendekeza maswali matano, nayo si magumu.

Kwanza, ni nani aliyeuandika? Mchezo unaojali hadithi haumfichi mwandishi wake. Jina lake likipatikana, tafuta ametunga nini kabla ya hapo.

Pili, je, una mwisho? Hadithi ina mwanzo, kati na mwisho. Mchezo uliotengenezwa usiishe kamwe, mara nyingi umetengenezwa ili malipo nayo yasiishe.

Tatu, uamuzi wa mchezaji hubadili nini? Muulize aliyeucheza: ulifanya jambo gani ukalijutia? Akikosa jibu, na akakuelezea silaha peke yake, umekwisha kujua. Akinyamaza kidogo kisha akaanza kukusimulia habari za mwanamke mmoja aliyemrudisha dirishani, umejua pia.

Nne, utalipa mara ngapi? Lipa mara moja, ujue umenunua nini. Malipo yanayofuata yawe ya hiari ya kweli.

Tano, je, lugha yake waielewa, na mashine yako yauweza? Hakuna aibu katika swali hili. Hadithi isiyoeleweka ni kelele kwa asiyeielewa, hata iwe na sifa duniani kote.

Majibu ya maswali haya hupatikana bila gharama kubwa. Ziko video nyingi za watu wakicheza. Tazama nusu saa ya mwanzo, kisha funga kabla hujaambiwa mwisho. Duka kubwa la michezo ya kompyuta liitwalo Steam limekuwa na kanuni tangu mwaka 2015 kwamba mnunuzi aweza kurudisha mchezo na kupewa fedha zake ndani ya siku 14, maadam hajaucheza saa mbili. Saa mbili zatosha kujua kama mwandishi ana la kusema. Wala usikimbilie kilichotoka leo. Mchezo wa hadithi hauchachi. Ule wa mwaka 2013 bado ni mzima, na bei ya michezo ya zamani hushuka. Kusubiri hakumpunguzii mfanyakazi chochote, humwachia fedha.

Kwa wazazi tuna neno la ziada. Michezo inayouzwa Ulaya hutiwa alama za umri tangu mwaka 2003: 3, 7, 12, 16 na 18. Alama hizo zisomwe. Tumetaja hapa michezo ambayo ni ya watu wazima, na si haki mtoto wa miaka 10 kuikuta mezani kwa kuwa baba ameisifu. Lakini alama peke yake haitoshi. Mzazi na aketi karibu na mwanawe, hata kwa nusu saa, aulize: huyu ni nani, yuataka nini, na wewe ungefanyaje? Mtoto anayeulizwa hivyo hujifunza kufikiri. Anayepigiwa kelele tu hujifunza kuficha simu.

Matawi na vyama vya wafanyakazi vyenye chumba cha kusomea navyo vyaweza kufanya jambo. Kompyuta moja ya kawaida yatosha. Mtu mmoja acheze, wenzake kumi watazame, na kila linapofika la kuamua, wajadiliane kabla muhuri haujagongwa. Tuna hakika kwamba hoja zitakazotoka usiku huo juu ya sheria, huruma na njaa ya nyumbani zitakuwa bora kuliko za mikutano mingi. Na gharama yake, ikigawanywa kwa watu kumi, ni ndogo.

Mwisho, twawageukia waandishi wetu na vijana wenye ujuzi wa kompyuta. Kiswahili kina hadithi, kina watunzi, na kina mamilioni ya watu wanaoingoja. Crowther hakuwa na picha. Alikuwa na pango, maneno, na binti wawili wa kuwasimulia. Pope alikuwa na dirisha moja na muhuri. Je, sisi hatuna kituo cha forodha, hatuna shamba la mkonge, hatuna bandari, hatuna kijiji kilichohamishwa? Hadithi hizo zikiandikwa na wengine, tutazicheza kwa lugha yao na kwa macho yao, kisha tutalalamika kwamba hatukusimuliwa ipasavyo. Mwandishi mmoja na fundi mmoja, wakiketi pamoja, waweza kuanza.

Shime basi, ndugu wafanyakazi. Jasho lililotoka mchana lisitupwe jioni kwa debe lenye mlio mkubwa. Uliza nani ameandika, uliza mwisho u wapi, uliza utaamua nini. Ukiridhika na majibu, nunua, keti, ucheze bila haya. Usiporidhika, ziweke fedha zako mfukoni, ukasome kitabu.